Dawa ya kinga ilipovujisha mishipa ya mapafu

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana saratani ya figo. Alitibiwa nje ya nchi kwa intaleukini-2, tukaambiwa mishipa ya damu ya mapafu yake inavuja, dawa ikasimamishwa. Sasa amerudi Moshi na ameshauriwa kuanza pembrolizumabu. Dawa ya kuamsha kinga huumizaje mapafu, na je, hatari ni ile ile? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba, na umpe mzee pole zangu. Intaleukini-2, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya figo iliyosambaa, ni protini ambayo mwili wenyewe huitengeneza ili kuziamsha chembe nyeupe za damu. Ikitolewa kwa dozi kubwa, chembe hizo huamka kupita kiasi, humwaga kemikali za uvimbe na kuushambulia ukuta wa ndani wa kapilari (mishipa ya damu iliyo myembamba kabisa), ambao unene wake ni seli moja tu. Seli hizo zikiumia au kuachana, maji ya damu hupenya nje: shinikizo la damu hushuka, mwili huvimba, na mapafuni, ambako kapilari zimekizingira kila kifuko cha hewa, maji hukalia mahali pa hewa. Kwa kawaida uvujaji hupungua dozi zikikoma, kwa hiyo waliomsimamishia dawa walimlinda.

Pembrolizumabu hufanya kazi kwa njia nyingine, yaani huondoa breki iitwayo PD-1 kwenye chembe za kinga, na uvujaji wa namna ile si kawaida yake. Huweza, hata hivyo, kuleta uvimbe wa mapafu (si wa saratani, bali wa kinga kuyashambulia mapafu yenyewe) kwa wagonjwa wachache, wiki au miezi kadhaa baada ya kuanza, hata dawa ikiwa imekwisha kuachwa. Hapa ndipo ninapohofia zaidi, kwa sababu wakati huo mgonjwa yuko nyumbani, na kikohozi kikavu chenye kuishiwa pumzi hudhaniwa haraka kuwa kifua kikuu au nimonia. Kupimwa kifua kikuu ni sawa kabisa, lakini popote mtakapofika, iwe zahanati ya jirani au hospitali ya KCMC, tajeni kwanza jina la dawa na tarehe ya dripu ya mwisho, kwani uvimbe huu hutibiwa kwa steroidi (dawa za kutuliza kinga) zinazopunguzwa polepole kwa wiki kadhaa, na antibiotiki za duka la dawa haziutibu. Msingoje tarehe ya kliniki.

Kabla ya dripu ya kwanza, mwambieni daktari wake habari yote ya ule uvujaji, na mwombe kiwango cha oksijeni cha mzee, akiwa amepumzika na baada ya kutembea, kiandikwe kwenye kadi yake, ili siku akilalamika pumzi pawe na cha kulinganisha.