Mbwa anapenda bahari, nami nasafiri: nimwache vipi?

SWALI: Daktari, asalaam aleikum. Naishi Shela ya Malindi. Mfungo Sita nitakwenda Lamu kwa Maulidi, nikae huko wiki mbili. Mbwa wangu, dume wa miaka mitatu, nitamwacha kwa mama mmoja anayetunza mbwa wa watu karibu na ufuo. Ameniahidi kumpeleka baharini kila siku, maana anapenda maji kupita kiasi. Lakini nilipompeleka mwenyewe juzi, alitapika na kuharisha usiku kucha. Ni maji au ni kitu kingine? Na paka wangu, naye nimpeleke huko huko?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa ulivyoeleza, nashuku chumvi kwanza. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mbwa anayerushiwa mpira majini humeza maji kila anapoudaka, na akishikwa na kiu huyanywa hayo hayo yaliyo mbele yake. Chumvi ikifika matumboni huvuta maji ya mwili, ndipo anapoharisha maji matupu. Akinywa mengi zaidi, chumvi hupanda kwenye damu na ubongo ukaanza kunywea: anayumba, anatetemeka, kisha degedege.

Aliyefika hapo hatibiwi nyumbani. Watu humletea ndoo nzima ya maji matamu anywe mpaka atosheke, wakidhani wanaisafisha chumvi, kumbe maji mengi kwa mpigo mmoja yaweza kuuvimbisha ubongo ule ule. Sisi humtia dripu polepole, kwa saa nyingi, huku tukipima damu. Aliyetapika mara moja tu na bado ni mchangamfu, mpe maji matamu kidogo kidogo kila baada ya dakika chache, umpumzishe.

Kwa hiyo bahari yenyewe simkatazi, ila kila siku ni nyingi mno. Mama huyo achukue dumu la maji matamu, mbwa anywe kabla ya kuingia na kila robo saa. Mpira urushwe mchangani, si majini. Waende asubuhi mapema au jua likishapoa, maana mchanga wa adhuhuri huunguza nyayo. Miaka hii Mfungo Sita unaangukia msimu wa kusi, mawimbi ni makubwa na mkondo huvuta, basi asiachiliwe bila kamba ndefu. Na wasielekee mlango wa mto Sabaki hata kama kumetulia: kule kuna mamba na viboko.

Kinachonitia hofu zaidi kiko nchi kavu. Wavuvi wakivua bunju humtupa ufuoni, na mbwa hana habari kwamba samaki huyo ana sumu. Sumu ile hulegeza misuli mpaka pumzi ikakatika, na haina dawa ya kuitangua. Tunachoweza ni kumsaidia kupumua mpaka imtoke mwilini. Tena kuna ndoana zilizoachwa na chambo chake. Akimeza ndoana, mshipi usivutwe wala usikatwe karibu na mdomo. Uachwe unaning'inia, aletwe kwa daktari hivyo hivyo.

Wakirudi nyumbani, aoshwe kwa maji matamu na masikio yakaushwe kwa kitambaa, hasa kama ni ya kulala.

Sasa sharti langu: siku tatu kabla ya kumkabidhi, asiguse bahari kabisa. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kuleta kikohozi na kuhema baada ya siku moja au mbili, na sikio huanza kunuka baadaye zaidi. Yakitokea kwa mlezi, hatajua kama ni bahari, ni chakula kipya au ni ugonjwa uliotoka kwa mbwa mwingine pale. Ningekuwa mimi, hata wiki ya kwanza ningemzuia asimpeleke, mpaka mbwa amzoee na aitike akiitwa.

Chanjo zikamilike mapema, wiki tatu kabla hivi: kichaa cha mbwa, parvo, distempa, na ile ya kikohozi cha mabandani. Mlezi asiyekuuliza kadi ya chanjo hakuuliza ya wale wengine pia, na hapo mimi ningegeuza njia. Nenda ukapatazame bila kutoa taarifa. Tazama kama kisima na tangi la chini vina mifuniko, na kama kuna bwawa la kuogelea, mbwa wako aonyeshwe ngazi za kutokea. Mbwa hodari wa kuogelea naye hufa maji bwawani, kwa kuzunguka ukutani akitafuta njia mpaka achoke. Alale huko usiku mmoja wa majaribio kabla hujasafiri. Kama amezoea ugali wa dagaa, peleka unga na dagaa, usimwanzishie chakula cha mkebe siku ya kwanza. Mpe pia shuka uliyoilalia, bila kuifua. Halafu andika barua fupi kwamba mlezi ana ruhusa ya kumtibu, na kiasi gani cha pesa atumie kabla hajakupata kwenye simu.

Paka mwache nyumbani. Paka huzoea mahali kuliko mtu, na jirani akija asubuhi na jioni inatosha. Ila mpe jirani onyo mapema: dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini humuua paka, kwa hiyo chupa ya mbwa isiachwe pale mtu akaona afadhali ampake na huyu. Asipokula siku mbili, aletwe, kwani paka akishinda njaa mafuta hujaa kwenye ini. Na kama ni dume, akionekana anachuchumaa na mkojo hautoki, jirani asingoje kukupigia simu Lamu. Amlete siku hiyo hiyo.