Maswali ya wasomaji: Mombo mpaka Lushoto kwa baiskeli

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nipo Korogwe, nina baiskeli ya gia ya mtumba, ile ya matairi membamba, Jumapili huwa naenda nayo Mombo na kurudi bila tatizo. Sasa washkaji wananitania et kama sijapanda Lushoto bado sijaendesha baiskeli. Nitauweza ule mlima au ntaishia kuikokota? Na breki je, maana nasikia wakati wa kushuka zinagoma.

JIBU: Kupanda utapanda mdogo wangu, usiwe na wasiwasi. Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, lami mwanzo mwisho, Mombo ipo mita 400 na ushee kutoka usawa wa bahari na Lushoto kama 1,400, kwahiyo ukigawanya unakuta kila mita mia unapanda mita tatu tu. Ila mlima wenyewe haujui kugawanya hahaha. Ukishaacha mkonge na joto la Mombo unakutana na kona juu ya kona, mwamba huku, korongo kule, na hapo ndo watu wanaponyonga kwa sifa wakikatiza mbele ya abiria wa Kosta halafu baada ya dakika kumi wamekaa kwenye jiwe wanahema. Anza taratibu mpaka ujione mjinga. Ukifika Soni, kwenye yale maporomoko ya maji, kazi kubwa umeshaimaliza, bonde linafunguka na unaanza kuona migomba na bustani za mboga, kaa hapo ule matunda.

Kitu cha kuangalia kabla hujatoka ni gia ya nyuma. Baiskeli nyingi za mbio za mtumba gia yao kubwa kabisa ina meno 23 au 25, hiyo itakuua magoti. Mwambie fundi akutafutie yenye 28 au zaidi, ila apime na cheni, isije ikawa fupi.

Sasa breki, na hapa ndo nataka unisikilize maana mimi kilichonipata kilikuwa kwenye kushuka. Mara ya kwanza nilishuka nimezibana mfululizo kuanzia juu, kufika Soni nikasikia harufu ya raba inaungua, nikasimama nikagusa rimu kwa kidole, lahaula! Malengelenge siku tatu. Rimu ikichemka hivyo hata tyubu inaweza kupasuka, na ukipasukiwa kwenye kona unaijua mwenyewe habari yake. Kwahiyo usibane muda wote, bana kwa nguvu kidogo kabla ya kona, achia, bana tena, na ndani ya kona yenyewe usiguse breki ya mbele ghafla. Raba zikiwa zimeisha badilisha hukohuko Korogwe, ni hela ndogo. Na kaa kushoto kwako, maFuso ya kabichi na karoti yanashuka nayo na dereva akikata kona anachukua barabara yote. Masika achana nako kabisa, mawe yanaporomoka mpaka barabarani.

Juni na Julai kule juu baridi si mchezo, beba koti la kushukia maana jasho la kupandia litakugeuka.

SWALI: Nikishafika Lushoto mjini nina nguvu bado, niongeze wapi? (huyohuyo wa Korogwe, katuma tena usiku)

JIBU: We ngoja ufike kwanza! Haya, nenda Irente, kama kilomita tano hivi, ni vumbi na mawe kwahiyo na hivyo vitairi vyako utatembea sehemu. Ukifika ukingoni unaiona Mazinde iko chini kabisa, na barabara kuu uliyotokea asubuhi imekuwa kauzi. Njiani kuna shamba wanauza jibini na mkate, mimi huwa nikifika hapo hata habari ya kurudi Mombo siitaki.