Rangi ya mafuta ikichuruzika mlangoni, angalia unene kwanza

Rangi ikichuruzika, lawama za kwanza huenda kwa kopo: feki, nyepesi, imechakachuliwa. Mara nyingi kopo halina kosa. Rangi imepakwa nene mno.

Rangi mbichi kwenye mlango uliosimama huteremka kwa uzito wake. Utando ukinenepa mara mbili, uso wake hushuka kwa kasi mara nne, na kiasi kinachoteremka huwa mara nane. Basi sehemu iliyozidi kidogo huzipita jirani zake, hurundikana juu ya rangi nyembamba iliyo chini, na ukingo wa rundo hukatika ukawa michirizi.

Kwa hiyo pima. Kopo likisema lita 1 kwa mita za mraba 12, utando mbichi ni kama milimita 0.08. Mlango wa sentimita 90 kwa 210, upande mmoja, unahitaji mililita 160 hivi. Mimina kiasi hicho pembeni. Kikikuishia katikati ya mlango, unapaka nene.

Chovya theluthi moja tu ya nywele za brashi. Tandaza juu-chini, vusha kwa mlalo, malizia kwa mkono mwepesi kuelekea juu. Michirizi mingi huanzia kwenye pembe za paneli, bawaba na tundu la kitasa, maana brashi hujikamua hapo. Pitia sehemu hizo na brashi isiyochovywa. Baada ya dakika 5 mulika tochi kwa ubavu. Ukiona uvimbe na rangi bado inateleza, uvute juu. Ikianza kung'ang'ania brashi, iache.

Thina ya ziada ndiyo inayoharibu kazi za watu. Rangi nzuri hulainika inaposuguliwa na hujikaza ikitulia. Ukiizimua kupita maelekezo ya kopo, haijikazi tena kwa wakati.

Geti la chuma lisipakwe likiwa limepigwa jua: rangi huteleza zaidi, na palipo nene uso hufunga ngozi chini kukiwa kubichi, kisha hukunjamana. Penye baridi kama Njombe au Limuru, rangi hukawia kukauka, ikapata muda mrefu wa kushuka. Huko mikono miwili myembamba, yaani kupaka mara mbili, ni lazima.

Mchirizi ukishakauka usiukimbilie na msasa. Bonyeza kwa ukucha; ukiacha alama, ndani bado ni laini na msasa utauchana. Subiri, hata wiki. Kisha kwangua kwa wembe, piga msasa wa maji namba 240, halafu 320, futa vumbi, paka mkono mwembamba kwenye paneli nzima, maana kiraka huonekana.