Wasomaji Wanauliza: Podemos, Chama Kilichotoka Uwanjani

Ndugu Mhariri, Podemos ya Hispania ilipataje viti 5 katika Bunge la Ulaya miezi minne tu baada ya kutangazwa? (Msomaji, Morogoro)

Ilijua pa kuanzia. Ilitangazwa Madrid Januari 2014, ikibeba hasira za waandamanaji waliojaa uwanja wa Puerta del Sol kuanzia Mei 15, 2011. Uchaguzi uliokuwa karibu ulikuwa wa Ulaya, Mei 25, na katika uchaguzi huo Hispania nzima ni jimbo moja, bila kiwango cha chini cha asilimia ya kura ili kupata kiti. Chama kipya kilihitaji saini 15,000 za wapiga kura, au 50 za watu wenye vyeo vya kuchaguliwa, ili orodha yake ikubaliwe. Kisha kura za kila chama hugawanywa kwa 1, kwa 2, kwa 3, na kuendelea. Majibu 54 makubwa kuliko yote ndiyo yaliyopata viti 54. Kura za Podemos milioni 1.2 na ushee, karibu asilimia 8, zilitoka huku na huko lakini zikahesabiwa kapu moja.

Jambo jingine: watu walimjua kiongozi wake, Pablo Iglesias wa kwenye televisheni, kuliko jina la chama, kwa hiyo sura yake ikachapwa kwenye karatasi ya kura. Kwa chama kilichokuwa kikiwasema vigogo, hiyo ilikuwa dalili mbaya, ingawa ilifanya kazi.

Na zile "duara" za mitaani, zilikuwa na sauti kweli? (Msomaji, Mombasa)

Mwanzoni, ndiyo. Zilikuwa mikutano ya wazi ya mtaa au ya taaluma. Oktoba 2014, kwenye mkutano mkuu wa chama huko Vistalegre, Madrid, ulishinda mpango wa Iglesias wa kuongozwa na katibu mkuu mmoja, dhidi ya ule wa mwenzake Pablo Echenique wa wasemaji watatu. Kosa lilikuwa kwenye daftari la wapiga kura wa chama: kujiandikisha kulikuwa bure, kwa intaneti, na aliyebofya mara moja akiwa nyumbani alikuwa na kura sawa na anayefungua ukumbi wa duara kila wiki. Waliojulikana kwenye runinga walishinda, na duara nyingi zikabaki na viti vitupu.

Mbona leo ni kidogo hivyo? (Msomaji, Nairobi)

Ugomvi wa viongozi ulichangia, lakini tazameni hesabu pia. Bunge la Hispania lina viti 350 katika majimbo 52. Soria ina viti 2 tu. Asilimia 10 pale haikupi kitu. Mwaka 2015, pamoja na washirika, walipata viti 69. Mwaka 2023, ndani ya Sumar, muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto, walibaki na 5, wakajitoa Desemba. Juni 2024 wakarudia mlango ule ule wa Ulaya: asilimia 3.3, viti 2. Ufaransa, ambako kiwango cha chini ni asilimia 5, wasingepata hata kimoja.