"A Forest" ndiyo iliyotangulia kutolewa

Ndugu, unadai kwamba "A Forest" ya The Cure, bendi ya roki ya Uingereza, imeigwa kutoka "Love Will Tear Us Apart" ya Joy Division, bendi nyingine ya huko. Haiwezi kuwa imeigwa kutoka rekodi ya "Love Will Tear Us Apart" iliyouzwa madukani, kwa sababu ilikuwa imeshatoka Uingereza kufikia Aprili 1980, ilhali hiyo ya Joy Division ilitolewa Juni mwaka huohuo, baada ya mwimbaji wao, Ian Curtis, kufariki tarehe 18 Mei. Izingatiwe, hata hivyo, kwamba Joy Division walikwisha kuurekodi wimbo wao Novemba 1979 kwa ajili ya kipindi cha John Peel cha redio ya BBC, kwa hivyo tarehe ya kutolewa haitoshi kuonyesha ni nani aliyetunga mwanzo.

Zinafananishwa kwa sababu ya gitaa la besi, lakini sikio lililozoea taarabu hapa Lamu halikawii kuzitenganisha. Peter Hook, mpiga besi wa Joy Division, hulipiga juu, kwenye sauti nyembamba, hata likabeba lahani yenyewe kama fidla. Simon Gallup, aliyejiunga na The Cure mwishoni mwa 1979, hurudia mapigo yaleyale mazito bila kuyumba, na katika toleo refu lililomo kwenye albamu ya Seventeen Seconds yeye ndiye wa mwisho kunyamaza. Mimi naipenda zaidi "A Forest", hasa toleo hilo, kwa kuwa lile fupi la santuri ndogo, iliyouzwa kando ya albamu, linaukata mwisho huo, na kwangu ndio uzuri wake mkubwa.