Barua kwa mwanangu aliyeko Kigali: hamu haijakuisha

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi huku wazima, ila mama yako goti linamsumbua kidogo, naye hataki liandikwe. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza, nikausikiliza tena baada ya kuswali isha. Umeuliza: "Baba, wewe bandarini uliamka alfajiri miaka yote ile, hamu ulikuwa unaitoa wapi? Mimi mashindano yangu ya kuogelea, baiskeli na kukimbia yamebaki miezi mitatu na hamu imeniisha." Kwenye simu ningekujibu juu juu, ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza, hadithi ya John Stephen Akhwari sikusimulii. Unaijua toka shule ya msingi: marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani wa mwisho kabisa. Mimi mwenyewe nikiiona ile filamu mwili hunisisimka. Lakini ile ni hadithi ya siku ya mashindano. Jumanne saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha Kigali na hakuna anayekutazama, Akhwari hawezi kukutoa kitandani.

Sasa jibu lenyewe: bandarini hamu sikuwa nayo. Tagi, ile boti ya kuvuta meli, inatoka meli ikiingia, na meli haimuulizi baharia kaamkaje. Begi lilikuwa mlangoni tangu usiku, mwenzangu akipita ananigongea dirisha, natoka macho bado mazito. Ningekaa kila alfajiri kujipima ninajisikiaje, wangenifukuza kabla ya mshahara wa kwanza. Kwa hiyo la kuamka dawa yake ipo: amua usiku, nguo ziweke tayari, tafuta mtu wa kukusubiri barabarani. Hapo Kigali mna zile Jumapili za bila magari, watu wanakimbia na kuendesha baiskeli katikati ya barabara. Humo hukosi wenzako watatu wanne. Na ile programu inayokuonyesha fulani kakimbia kilomita ngapi leo, izime. Hujajiandikisha kushindana na simu.

Hata hao walioanzisha mashindano ya namna hii sidhani kama waliulizana habari za hamu. Walianza na ubishi. Ofisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, alikuwa akibishana na wenzake huko Hawaii nani ana pumzi zaidi: muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Basi wakaunganisha yote matatu, siku moja, tarehe 18 Februari 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Aliyeshika nafasi ya pili wasaidizi wake waliishiwa maji njiani wakampa bia. Ya kwako ya Rubavu, huko Ziwa Kivu, ni nusu ya umbali ule: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli, 21 na ushee za kukimbia. Bia usiguse.

Lakini sidhani tatizo lako ni kuamka. Juzi nilirudi nyuma kwenye ujumbe wako wote tangu ulipojiandikisha. Baiskeli hujawahi kuilalamikia hata na hivyo vilima vyenu. Ndiyo kwanza unanitumia picha. Kukimbia hukulalamika hata viatu vilipokuchuna. Malalamiko yote yameangukia Jumanne na Alhamisi, na Jumanne na Alhamisi ndizo siku zako za kuogelea. Mara bwawa limejaa watu, mara miwani inavuja, mara kichwa kinagonga. Hamu ingekuwa imekwisha ingekwisha na Jumamosi pia. Wewe unaogopa maji, Zuhura. Si ya bwawa, ya ziwa.

Wala si jambo la kuonea haya. Umekulia jirani na bahari, lakini mtaani kwetu wavulana walijirusha kutoka gatini mchana kutwa, wasichana maji yakipwa wakapelekwa kuokota kombe. Huko Nungwi, Unguja, Panje Project wamejitolea kuwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejistiri, na nawaombea kheri. Wewe umejifunza ukubwani, bwawani, kuta nne na mstari chini wa kufuata. Ziwa Kivu hutaona mstari, wala hutaona chini.

Woga huo naufahamu. Nimeona mabaharia wazima, waogeleaji wazuri, wakitumbukia katikati ya tagi na meli wakapagawa. Kinachotokea ni hiki: mtu anavuta hewa kwa kishindo, anaishikilia, anataka kuvuta nyingine, kifua kimeshajaa. Anaona hewa hakuna, kumbe hajaitoa aliyonayo. Kwa hiyo ukiingia majini kazi yako ya kwanza ni kupuliza. Uso ndani ya maji, puliza mapovu mpaka kifua kiwe kitupu. Kuvuta kutakuja kwenyewe. Kikikubana bado, geuka chali, elea, tazama mawingu. Nimeuliza kuhusu kanuni zenu: unaruhusiwa kushika boya au mtumbwi wa waokoaji ukapumzika, mradi usikusogeze mbele. Nadhani hilo kocha hakukwambia, au alikwambia hukusikia. Lishike kichwani, kwa sababu anayejua anaweza kusimama huwa hasimami ovyo.

La pili ni kwenda sawa. Sisi kuingiza meli tulitumia alama mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma yake, tuseme nguzo na mnazi. Zikiwa zimepangana, uko njiani. Mnazi ukianza kuchungulia upande mmoja wa nguzo, mkondo umekuchukua. Fanya vivyo hivyo. Kabla ya kuanza, simama ufukweni utazame boya la kwanza, na nyuma yake chagua mlima, mnara au paa kubwa. Kila mikono sita au minane inua macho tu, si kichwa kizima, uone kama vimepangana. Muogeleaji anayejua anakokwenda hana nafasi ya kuwaza kilichoko chini yake.

Na jambo moja la maji yenyewe. Ya ziwa ni mepesi kuliko ya chumvi, hayakubebi kama bahari. Miguu itazama kuliko ulivyozoea kuelea hapa Raskazone ukiwa mdogo. Usidhani umesahau kuogelea. Ndiyo maana Jumanne moja moja acha bwawa uende Ziwa Muhazi, si mbali na hapo ulipo, ila uliza kwanza habari za kichocho, nenda na watu, ufunge kiunoni lile boya la rangi kali. Usizidishe. Mara ya kwanza ingia, puliza, elea, toka, kunywa chai. Kilomita zitahesabiwa baadaye.

Mama yako anasema nisisahau chakula. Anadai mtu anayechoka hivyo damu yake ipimwe, na kwa wanawake wanaokimbia sana mara nyingi madini ya chuma ndiyo yanayopungua. Yuko sahihi. Kapime. Maharage na mboga za majani kula kwa wingi, na chai usinywe pamoja na chakula, inazuia hayo madini. Ngoja saa moja. Na ukiamka mapigo ya moyo yanakwenda mbio kuliko kawaida kabla hata hujainuka, siku kadhaa mfululizo, hiyo si siku ya kujikaza. Lala.

Likizo yako ukishaijua nitumie tarehe, lakini iangalie na mwezi wa angani kwanza. Njoo mwezi ukiwa na siku tisa hivi au ishirini na tatu, maji mafu, mkondo hauna nguvu. Wakati wa bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, sikupeleki popote. Tutaingia asubuhi kabla upepo haujaamka, wewe unaogelea, mimi nakufuata na mtumbwi wa mjomba wako, nachagua alama na wewe unazifuata. Saa yako ya mkononi iache Kigali.

Nauli kutoka Dar nitalipa mimi. Mama yako anauliza kama hiyo nguo ya kuogelea inakauka haraka, au aandae kanga mbili.

Mimi babako.