Kwa mnaokuja Lamu kusoma nyumba

Wadogo zangu mnaoanza historia ya majengo, mkishuka gatini msikimbilie milango ya nakshi. Imepigwa picha hadi basi. Pigeni hodi nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani, mkikaribishwa tazameni juu. Chumba ni kirefu lakini upana wake ni kama mita mbili na nusu tu, kwa sababu boriti ya mkoko haibebi dari la mawe na chokaa ikizidi hapo. Aliyeingia topeni kukata mikoko ndiye aliyepima ukumbi wa tajiri. Chokaa nayo: kuni hupangwa duara, matumbawe juu yake, tanuu liwake usiku na mchana, kisha izimwe kwa maji na kuachwa ikomae. Nyingi ya kazi hizi zilifanywa na watumwa, na ni nadra kuyakuta majina yao kwenye hati.

Linganisheni ghorofa. Juu kuna zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na nakshi za chokaa. Chini, walikolala watumwa na kuwekwa shehena, mara nyingi ukuta ni mtupu. Anzeni kupima huko chini, maana anayekarabati nyumba aipangishe wageni huko ndiko anakokimbilia kupaka plasta mpya.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na watafiti wengi huishia Mkomani. Fikeni mtaa wa Langoni, kwenye Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, mwanachuoni wa Kiislamu aliyewasomesha hata waliodharauliwa kwa nasaba zao. Mji wa Malindi pia: karne ya 19 ulistawi kwa mtama na ufuta uliolimwa na watumwa, lakini mgeni huonyeshwa nguzo ya Vasco da Gama akaridhika.

Kuhoji ndiko kugumu. Utumwa ulifutwa kisheria pwani yetu ya Kenya mwaka 1907; vitukuu wa watumwa wako hai na majirani wanawajua. Usimuulize mtu asili yake barazani. Uliza kazi: tanuu lilikuwa wapi, nani alikuwa fundi, boriti zilishushwa wapi. Mzee akitaka, atafika huko mwenyewe. Akinyamaza, maliza kahawa yako, muage vizuri.

Ukoo wa mtu usiuandike kwenye ramani bila idhini yake. Na nakala ya mchoro mpeni mwenye nyumba kwanza, kabla haujafika kwa msimamizi wenu. Mara nyingi yeye ndiye atakayewaambia ukuta upi umejengwa juzi.